Kamera ya chini ya bahari kwa bei ya Kariakoo

Ukiuacha Mtaa wa Msimbazi na kuingia upande wa Aggrey, kwenye makabati ya vioo ya maduka ya simu, kati ya chaja na spika ndogo, utaikuta kamera inayoenea kiganjani imekaa ndani ya kava gumu la plastiki angavu. Boksi lake limechapwa picha ya mtu aliyevaa miwani ya kuogelea na samaki wa manjano mbele yake. Pembeni pana namba mbili kubwa: 4K na 30M. Bei yake haifiki robo ya bei ya kamera zenye majina, na muuzaji atakuhakikishia kwamba kazi ni ileile.

Kazi si ileile. Lakini wanaosema kamera hiyo ni ya kutupa nao wanakosea. Nimetazama video safi za kasa na pweza zilizopigwa kwa kamera za bei ya chini kabisa, na nimeona kamera ya bei kubwa ikitolewa majini imejaa chumvi kwa sababu ya unywele mmoja ulionasa kwenye mpira wa mlango. Chini ya maji mambo yanayoamua ni matatu: maji yasiingie, kadi isikudanganye, na wewe uwe karibu na unachokipiga. Fedha ifuate mpangilio huo. Namba za boksini zije mwisho.

Naliandika hili kwa kuwafikiria vijana wa boti za Kunduchi na Msasani, waongoza wapiga mbizi wa Mafia na Nungwi, wanafunzi wa sayansi za bahari, na wanachama wa vikundi vya wavuvi vinavyolinda miamba yao wenyewe. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na yote yako jirani na jiji hili la Dar es Salaam. Mafia ilipata hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza nchini. Hata hivyo, picha nyingi ninazoziona za chini ya maji ya bahari hizo zimepigwa na mgeni aliyekaa wiki moja. Yule aliyemwongoza mpaka kwenye pango la chewa, anayejua chewa huyo hutoka saa ngapi, hana hata sekunde kumi za video. Hali hiyo inaniuma, na sababu mojawapo ni imani kwamba kamera ya majini ni mali ya matajiri.

Zamani imani hiyo ilikuwa na msingi. Mfaransa Louis Boutan alipopiga picha chini ya maji mwaka 1893, vifaa vyake vilikuwa vizito vya kushushwa kwa kamba. Hata baada ya Cousteau na Gagnan kutengeneza kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji mwaka 1943, na Nikon kuanza kuuza Nikonos mwaka 1963, mpiga picha alishuka na filamu ya picha 36 tu na kusubiri isafishwe ndipo ajue amepata nini. Mabadiliko makubwa yalikuja na kamera ndogo za michezo. GoPro ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu na ilibuniwa kwa ajili ya watelezao juu ya mawimbi. Zilipokuja za kidijitali, viwanda vya China vilifuata umbo lake kwa bei chee, na ndizo hizi zinazojaza makabati ya Kariakoo kupitia Guangzhou na Dubai.

Tuanze na maji. Kila ukishuka mita 10, shinikizo la bahari huongezeka kwa kiasi kinacholingana na hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30 ongezeko hilo ni kama kilo tatu kwa kila sentimita ya mraba. Chukua kava lenye mlango wa sentimita sita kwa nne: mlango huo unabanwa na uzito wa kilo 70 na zaidi. Ajabu ni kwamba uzito huo unasaidia, kwa kuwa unaukandamiza mlango kwenye oringi yake, yaani mpira wa kuzuia maji. Ndiyo maana makava mengi huvuja kwenye mita chache za mwanzo, kabla maji hayajaanza kubana sawasawa, na chanzo huwa kitu kidogo sana: chembe ya mchanga, unywele, uzi wa taulo.

Kwa hiyo dukani usianze kuiwasha kamera. Omba kava. Lifungue, itoe oringi kwa ncha ya kidole, wala si kwa kisu, kisha ipitishe taratibu kati ya vidole viwili. Iwe laini, isiyo na mkato wala sehemu iliyobapa. Angalia mfereji inamokaa. Ukikuta plastiki iliyochongoka au gundi iliyomwagika, rudisha. Bonyeza kila kitufe cha nje mara kadhaa uone kama kinarudi chenyewe. Kitufe kinachobaki chini kikiwa kabatini kitabaki chini baharini pia, na kila kitufe ni tundu lililozibwa kwa springi na mpira mdogo.

Kuna mtego mwingine ambao wengi wameingizwa mjini nao. Makava mengi huja na milango miwili ya nyuma. Mmoja ni mzima. Mwingine una matundu ya kupitishia sauti, kwa ajili ya pikipiki na matembezi ya nchi kavu. Kabati likishapangwa na kupanguliwa mara nyingi, milango hubadilishana.

“Hii ni ile ya maji, kaka?”

“Hiyo hiyo, bosi wangu. Mita thelathini.”

Muuzaji huyo hadanganyi. Kwenye boksi ndivyo palivyoandikwa. Ila mlango ulio mkononi mwako una nafasi tatu ndefu zinazopitisha kidole. Ugeuze kwenye mwanga kabla ya kusema lolote kuhusu bei.

Halafu fanya jaribio la ndoo. Itoe kamera ndani ya kava, weka karatasi ya tishu kavu mahali pake, funga, lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa ukibonyeza vitufe vyote. Duka lenye nia njema halikatai, hasa ukiahidi kununua likifaulu. Tishu ikilowa hata ncha, hujapoteza kamera. Jaribio la pili lifanyie baharini: mara ya kwanza unaposhuka, peleka kava tupu lenye tishu mpaka kina unachokusudia kupigia. Ni kupoteza mbizi moja ya picha, na naona ni bei ndogo kuliko zote katika shughuli hii.

Kamera nyingi za bei ya chini haziwezi maji zenyewe hata kidogo. Uhai wao wote uko kwenye kava. Zenye majina zina hesabu nyingine. GoPro za Black kuanzia HERO5 ya mwaka 2016 huvumilia mita 10 bila kava, na kwa kava lake hufika 60. Zile za DJI zimeendelea kuongeza: Osmo Action 3 mita 16, Action 4 mita 18, Action 5 Pro mita 20. Olympus TG-6, ambayo ni kamera ya picha za kawaida yenye uwezo wa kupiga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lenzi, inavumilia mita 15. Mpiga mbizi mwenye cheti cha mwanzo anaruhusiwa mita 18. Kwa karatasi, Action 4 inamtosha bila kava. Mimi nisingeshuka nayo hivyo. Kipimo cha kiwandani hufanyika kwa kifaa kipya kilichotulia majini, wakati kamera yako itagongwa na boti, itakaa juani, na mpira wa kimlango chake utazeeka. Ukienda chini ya mita tano na mtungi mgongoni, vaa kava.

Kwa mwenye fedha ya wastani, ushauri wangu hauko kwenye kamera mpya isiyo na jina, bali kwenye HERO5, HERO6 au HERO7 Black iliyotumika. Tatu hizi zinavaa kava moja na kutumia betri za aina moja, kwa hiyo kava la moja likipasuka, la nyingine litaingia. HERO7 Black, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo iliyoleta utulizaji wa picha ambao bado unapendeza leo. Angalia neno Black, kwa sababu HERO7 White na Silver betri zao hazitoki. Ikifa betri, imekufa kamera. Kagua kimlango cha pembeni na kile cha betri: vina mipira myembamba, na mara nyingi kimoja kimepotea na kuwekewa cha kopi. Betri iliyovimba, hata kidogo, iache hapohapo. Kuna pia GoPro HERO ndogo iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 199. Ni nyepesi na nzuri, ila bila kava kikomo chake ni mita tano na betri yake haitoki. Huyo ni rafiki wa muogeleaji, si wa mpiga mbizi.

Mifuko laini ya plastiki ya kuvalisha simu, ile inayoning'inizwa shingoni na wamachinga, iishie ufukweni. Hewa iliyomo ndani hupungua kuwa nusu ya ujazo wake ukifika mita 10, na plastiki hulala juu ya kioo na kukibana. Kioo cha kugusa nacho hakitambui kidole ndani ya maji. Maneno ya IP68 yasikupe moyo: kipimo hicho ni cha maji baridi, na hata simu zinazosifiwa huishia mita sita kwa nusu saa. Chumvi haimo katika mkataba.

Sasa kadi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Kadi feki huandikwa GB 128, na ukiiweka kwenye kompyuta inasoma 128, lakini ndani yake kuna 8 au 16. Ikijaa, hurudi mwanzo na kufuta ulichorekodi, au huandika faili zisizofunguka. Unarudi nyumbani na video ya papa isiyocheza. Njia ya kuibaini ni kuijaza yote na kuisoma tena. Programu ya bure ya H2testw hufanya hivyo kwenye kompyuta. Usipokuwa nayo, iache kamera irekodi juu ya meza mpaka kadi ijae, kisha fungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Fanya jaribio hilo siku ileile ya kununua, risiti ya EFD ikiwa mkononi, na nunua kwa anayekubali kuirudisha. Tafuta kadi yenye alama ya U3 au V30. Kamera inayorekodi megabiti 60 kwa sekunde inakula kama GB 27 kwa saa, kwa hiyo kadi ya kweli ya GB 64 inabeba saa mbili na zaidi, ambazo ni mbizi mbili za siku moja na nafasi inabaki. Kadi mbili za 64 ni bora kuliko moja ya 128. Moja ikiharibika, nusu ya safari imepona.

Na ile 4K ya boksini? Katika kamera nyingi za bei ya chini ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa. Piga bango la duka la ng'ambo ya mtaa kwa 4K, halafu kwa 1080, kisha zikuze zote kwenye kompyuta ya duka. Maandishi madogo yakionekana sawa, 4K hiyo ni jina tu. Wala isikukatishe tamaa. Video ya 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde, iliyopigwa kwa karibu na kwa utulivu, inatosha kwa runinga na kwa simu. Kilichonishangaza kwa miaka yote ni jinsi watu wanavyolipia 4K kisha wanapiga samaki aliye mita sita mbele yao.

Maji hula rangi, na huila nyekundu kwanza. Kwenye mita tano tayari imefifia, kwenye kumi rangi ya chungwa inaondoka, na kwenye ishirini hata manjano ni ya kubahatisha. Mpiga mbizi akijikata kidole kwenye mita 18 huona damu yake ikitoka ya kijani. Umbali unaohesabika si wa kina peke yake: mwanga unashuka mita kumi kutoka juu, kisha unasafiri tena kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi yako. Ukisogea kutoka mita tatu hadi mita moja, umeokoa rangi bila kulipa shilingi. Ukaribu pia unapunguza maji yaliyo kati yenu, pamoja na vumbi lote linaloelea humo. Kumbuka vilevile kwamba kioo bapa cha kava kikiwa majini hufanya kila kitu kionekane kikubwa kwa takriban theluthi moja, hivyo upana wa lenzi uliotajwa kwenye boksi hupungua. Njia ya kuurudisha upana huo ni kusogea.

Kipande cha filta nyekundu kinachobanwa mbele ya kava ni cha bei ndogo na kinasaidia sana kati ya mita tano na kumi na tano hivi, jua likiwa juu, kwenye maji ya buluu kama ya Mnemba. Kwenye maji ya kijani filta inayofaa ni ya zambarau-pinki. Na maji ya Dar es Salaam mara nyingi ni ya kijani. Mto Msimbazi, unaopita katikati ya jiji hili ukibeba udongo na taka zetu, unamwaga baharini palepale karibu na Upanga, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, ukungu wa matope hufika mbali. Anayetaka maji safi asubiri kipindi cha matlai, kusi ikishalala na kabla kaskazi haijashika, au siku tulivu za kaskazi yenyewe. Hapo Mbudya huonekana vizuri. Taa ya majini ni nzuri kwa mapango na kwa usiku, lakini kwenye maji yenye vumbi, taa iliyokaa juu kabisa ya lenzi humulika kila chembe na video inajaa theluji nyeupe. Ishike mbali kidogo, pembeni.

Kuna mahali ambapo kamera ya bei ya chini inafanya kazi ya kisayansi hasa. Papa potwe wa Mafia hukusanyika karibu na Kilindoni, zaidi kati ya Oktoba na Machi, na kwa kawaida huogelewa nao juu ya maji bila mtungi. Hapo hakuna kina cha kutisha kava lolote. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa usiofanana na wa mwingine, na watafiti humtambua kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma tu ya mashavu. Mwaka 2005 walichapisha njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, hesabu yake ikiwa imetoka kwa wanaastronomia waliolinganisha picha za nyota. Sekunde tano za ubavu wa kushoto, zilizopigwa na nahodha wa boti ya Kilindoni, zinaweza kuonyesha kwamba papa huyu ni yuleyule wa miaka iliyopita. Bila flashi, bila kumgusa, bila kumkatia njia.

Ukungu ndani ya kava huwasumbua wengi wetu wa pwani. Hewa ya Dar ni yenye unyevu. Ukilifunga kava bandarini saa tano, unyevu huo unafungiwa ndani, kamera inapata joto, maji yanakipoza kioo, na picha yote inafifia. Funga kava mapema, ndani ya chumba kikavu au chenye kiyoyozi, na weka pembeni ya kamera kipakiti kidogo cha chembe za kukausha, kama vile vinavyotupwa na maboksi ya viatu vipya pale Kariakoo. Kamera ifunike kwa kitambaa chepesi kilicholowa mpaka utakaposhuka. Ukipanda, iweke kwenye ndoo ya maji baridi kabla chumvi haijakauka, na ubonyeze vitufe ndani ya ndoo. Oringi ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Grisi nyingi hushika mchanga.

Ikitokea imeingia maji, izime, toa betri na kadi, isuuze kwa maji baridi safi na umpelekee fundi siku hiyohiyo aisafishe kwa spiriti. Kuizika kwenye mchele hakuondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nyaya.

Kabla ya yote hayo, jifunze kuelea. Mtu anayetazama kioo cha kamera huku miguu ikipiga matumbawe anaharibu alichokuja kukionyesha, na tawi la tumbawe analolivunja limechukua miaka mingi kukua. Akiwa bado anahangaika na hewa na koti lake la kuelea, kamera ibaki botini. Atakayepiga kwa biashara ndani ya maeneo yanayolindwa aulizie kibali kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kabla ya kushuka.

Ninachotamani kukiona zaidi ni video za mahali pamoja, kwa miaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, jingine likaja 2016, na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka tena duniani kote. Ipo pia miamba iliyovunjwavunjwa na baruti za wavuvi haramu. Wavuvi wazee wanakumbuka miamba ilivyokuwa, lakini kumbukumbu haiwekwi mezani kwenye kikao cha wilaya. Kikundi chenye kamera moja kinaweza kuchagua mwamba, kufunga kamba ya mita 20 kati ya mawe mawili, na kuogelea juu yake polepole kwa kimo kilekile, kila kaskazi, kwa 1080 na bila taa. Faili ipewe jina la mwamba, tarehe na kina, nakala moja ibaki kwenye kikundi na nyingine iende kwa ofisa uvuvi. Kamba ya nailoni ya kazi hiyo nayo inapatikana Kariakoo.